Fedha za Serikali kwa Bwawa Lako: Niliyojifunza Kianyaga

Mchele wa pishori wa Mwea tunaopikia biriani Mombasa, Malindi na Lamu hunyweshwa na mito miwili, Thiba na Nyamindi. Mito hiyo huteremka kutoka Mlima Kenya na kukata mashamba ya majani chai na kahawa ya Gichugu, karibu na Kianyaga, mji mdogo wa Kaunti ya Kirinyaga nilikoolewa. Maji yakishatoka kwenye mpunga huingia Mto Tana, yakapita mabwawa ya umeme, Garissa, Hola na Garsen, mpaka yakaingia baharini Kipini. Kwa hivyo chemchemi ikikauka Kianyaga, hiyo si habari ya watu wa bara peke yao.

Naandika haya kwa sababu dada yangu aliye Msambweni ana kinamasi nyuma ya minazi yake, na majuzi alinipigia simu akauliza, "Serikali yaweza kunipa pesa nichimbe bwawa na kupahifadhi mahali hapa?" Ni swali lile lile tulilouliza sisi miaka kadhaa nyuma. Jibu fupi ni hili: kwa bwawa lako wewe peke yako, ni nadra sana. Kwa maji yanayopita kwako yakawafikia wengine, milango ipo. Nitaieleza, pamoja na pale tulipokosea.

Shamba lenyewe

Marehemu baba mkwe aliacha ekari tatu. Chini kabisa ya mteremko pana kinamasi cha kama nusu ekari, na katikati yake chemchemi. Mama mkwe alikuwa akilima nduma humo, yale ambayo sisi Pwani twayaita majimbi. Nyumba 14 za chini zilikuwa zikichota maji kwenye kijito kinachotoka hapo.

Baadaye marehemu alipanda mikaratusi kuzunguka kinamasi, kama walivyofanya majirani wengi. Viwanda vya majani chai hununua kuni, na mkaratusi hukua haraka. Miti ilipokuwa mikubwa, kijito kikaanza kupungua kila kiangazi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na vyanzo vya maji iondolewe. Agizo hilo lilisikika hadi kwetu. Miti yetu ikabaki imesimama.

Alipofariki, shemeji yangu mkubwa alikuwa na wazo lake: kuchimba mifereji, maji yatoke, na nusu ekari ile nayo ipandwe mikaratusi. Mume wangu na mimi tulitaka kinyume chake. Tulitaka miti ing'olewe, mimea ya maji irudi, na pembeni pachimbwe bwawa la samaki ili mama apate kipato badala ya kuni. Lakini mkaratusi ni pesa, na mtu anayeambiwa aukate ana haki ya kuuliza atakula nini. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta ruzuku.

Ardhi yako, maji ya umma

Kabla ya kuandika barua yoyote, yafaa ujue sheria inavyokutazama. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa, ambayo inazishika kwa niaba ya wananchi. Hatimiliki yako inakupa ardhi. Haikupi maji yanayopita juu yake. Kukausha kinamasi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, maarufu kama WRA, hata kama kinamasi kimo ndani ya shamba lako. Kuchepusha maji ya mto ili ujaze bwawa nako kunahitaji kibali.

Kuna pia kanuni za 2009 za ardhi oevu, kingo za mito, na fuo za maziwa na bahari, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Hizo zinampa mwenye shamba linalopakana na ardhi oevu jukumu la kuzuia isiharibiwe. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukingo wa mita 6 hadi mita 30, kutegemea upana wa mto. Tanzania ni wakali zaidi: sheria yao ya mazingira ya 2004 inataka mita 60.

Sheria hizi zilitufundisha mambo mawili. La kwanza, shemeji hangeweza kukausha kinamasi kihalali bila kibali. La pili lilikuwa chungu kwetu: serikali haioni sababu ya kukulipa ili utimize jambo ambalo sheria tayari inakutaka ulifanye. Marekani, tangu 1990, serikali kuu ina mpango wa kumlipa mwenye shamba anayekubali kurudisha ardhi oevu na kufunga matumizi yake kwa mkataba. Mkulima wa kawaida wa Kianyaga au Msambweni hakuti dirisha la namna hiyo. Anachokuta ni fedha za vikundi na fedha za wadi.

Milango iliyopo

Mlango wa kwanza ni Hazina ya Sekta ya Maji, ambayo watu huijua kama Water Fund. Ilianzishwa kwa Sheria ya Maji ya 2002 na ikaendelezwa na ile ya 2016. Miongoni mwa kazi zake ni kufadhili juhudi za jamii za kutunza vyanzo vya maji. Haimpi mtu mmoja. Inapitia kwa jumuiya ya watumiaji wa maji, ile inayoitwa WRUA, ambayo ni umoja wa watu wanaotumia mto au kijito kimoja na ambayo sheria inaitambua. Jumuiya hukaa na maafisa wa WRA na kuandika mpango wa kutunza bonde lao dogo: wapi pana mmomonyoko, chemchemi zipi ziko hatarini, nani anachepusha maji. Ombi la fedha hutoka kwenye mpango huo. Chemchemi yako isipokuwamo, ni kama haipo.

Mlango wa pili ni kaunti, kupitia fedha za mabadiliko ya tabianchi. Kuna mpango wa kitaifa uitwao FLLoCA, unaosimamiwa na Hazina Kuu, na ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo mwaka 2021. Chini yake kila wadi huwa na kamati ya kupanga masuala ya tabianchi, na kamati hiyo ndiyo inayopendekeza miradi. Kulinda chemchemi na kurudisha uoto kwenye vyanzo vya maji ni miradi inayokubalika humo. Kaunti zetu za Pwani zina kamati hizi pia.

Mlango wa tatu ni miradi ya muda, inayofunguliwa na kufungwa. Mradi wa maliasili wa Tana ya Juu ulianza mwaka 2012 kwa fedha za serikali na za IFAD, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya kilimo. Ulihudumia kaunti sita: Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru, na ulitoa ruzuku kwa vikundi vya wakulima, vya misitu na vya maji. Huo umeshafungwa. Mwaka 2018 ukaja mpango wa ufugaji samaki wa ABDP, nao wa serikali na IFAD, makao yake Nyeri, katika kaunti 15. Huo ulihusu samaki kama biashara zaidi kuliko uhifadhi. Kwa miradi ya namna hii, kwanza uliza umebakisha muda gani kabla hujapoteza nauli.

Wapo watakaokwambia serikali iliwahi kuwachimbia watu mabwawa. Ni kweli. Mwaka 2009, katika mpango wa kufufua uchumi, serikali iligharamia mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140. Kila bwawa lilikuwa la mita mraba 300, likawekwa vifaranga 1,000. Gichugu pia walichimba. Lakini msaada wa chakula cha samaki ulipokoma, mabwawa mengi nchini yaliachwa. Jirani yetu mmoja sasa anafunga mbuzi ndani ya lake. Maafisa wanayakumbuka mabwawa hayo, na ndiyo sababu moja wanakutazama kwa jicho la shaka ukiingia ofisini na kusema "bwawa".

Ombi la kwanza na ombi la pili

Ombi letu la kwanza lilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Tuliomba msaada wa kuchimba bwawa la mita 10 kwa 30 na kununua vifaranga, na tukaongeza mwishoni kwamba tutahifadhi mazingira. Tuliipeleka ofisi moja ya serikali, tukangoja miezi mitano. Tulipofuatilia, barua haikuonekana. Tulipeleka nakala. Siku nyingine afisa kijana alitukalisha chini akatwambia wazi, "Hapa mmeomba biashara yenu. Nionyesheni maji ya watu wengine."

Maneno hayo yaliniuma wakati ule, lakini yalitusaidia kuliko semina yoyote. Tulirudi nyumbani tukaanza kuhesabu.

Kwanza tuliandika nyumba 14 zinazochota kwenye kijito, watu wangapi katika kila nyumba, ng'ombe wangapi, na umbali wanaotembea kijito kikikatika. Wenyewe walitia sahihi.

Pili, tulipima maji. Hili halihitaji mhandisi. Weka bomba fupi pale maji yanapotoka, kinga mtungi wa lita 20, na uhesabu sekunde kwa saa ya simu. Gawanya 20 kwa sekunde hizo upate lita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 86,400 upate lita kwa siku. Mwezi wa Mei mtungi wetu ulijaa kwa sekunde 50, ambazo ni lita 34,560 kwa siku. Februari iliyofuata ulichukua dakika nne kamili: lita 7,200. Kwa nyumba 14 na mifugo yao, hesabu hiyo inajisemea. Tulipima kila mwezi, mahali pale pale, asubuhi, na kuandika kwenye daftari la shule.

Tatu, tulipiga picha. Mikaratusi, udongo ulioanguka, akina mama wakisubiri zamu na mitungi yao.

Ombi la pili lilikuwa la kikundi, na lilihusu chemchemi. Neno bwawa lilitokea mara moja tu, katika sehemu ya mchango wetu wenyewe: kwamba familia itachimba bwawa kwa nguvu zake, litakalojazwa na maji ya ziada baada ya watu kuchota. Jumuiya ya maji ya eneo letu ilikuwa ikipitia upya mpango wake. Tukahudhuria mikutano mitatu, tukasoma hesabu zetu, chemchemi ikaingizwa.

Makaratasi utakayoulizwa

Ofisi hutofautiana, lakini haya tuliulizwa karibu kila mahali:

- Cheti cha kikundi kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii. Kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, kikundi kinahitaji watu 10 au zaidi.
- Katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na nambari zao za vitambulisho.
- Kumbukumbu za mkutano ulioamua mradi, zenye sahihi na tarehe.
- Akaunti ya benki ya kikundi, yenye watu zaidi ya mmoja wa kutia sahihi, na PIN ya KRA.
- Barua ya chifu.
- Nakala ya hatimiliki na barua ya ridhaa ya mwenye ardhi.
- Bajeti inayoonyesha mchango wenu: vibarua, mawe, mchanga, mbegu. Mchango wa kazi huhesabiwa kama pesa, kwa hivyo uandikeni.
- Maelezo ya nani atatunza mradi fedha zikiisha. Baada ya mabwawa ya 2009, hili ndilo swali wanalolisoma kwa makini zaidi.

Usianze kuchimba kabla ya kuuliza WRA na ofisi ya NEMA ya kaunti kama unahitaji kibali au tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi ulioanza kinyume cha kanuni huwa vigumu kuuombea fedha.

Hofu ya kunyang'anywa shamba

Kilichokaribia kutuangusha kilikuwa ile barua ya ridhaa. Hatimiliki ilikuwa bado na jina la marehemu. Hakuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya shamba mpaka mirathi ipite mahakamani. Shemeji naye alishika msimamo: tukiwaruhusu wachimbe chemchemi na kuweka uzio, kesho watasema ni mali ya serikali.

Sikumcheka, na wewe usimcheke ndugu yako akisema hivyo. Watu wa Pwani twajua vizuri ardhi inavyoweza kuondoka kwa karatasi. Ilituchukua zaidi ya mwaka kumaliza mirathi, na katika muda huo awamu moja ya fedha ilitupita.

Kilichosaidia ni kuandika ridhaa kwa maneno yaliyo wazi. Barua yetu ilitaja ukubwa wa eneo la chemchemi kwa mita, njia ya wachotaji itakapopita, muda wa makubaliano, na kwamba umiliki wa ardhi haubadiliki. Warithi wote walitia sahihi mbele ya wakili, naye shemeji akaongeza sharti lake mwenyewe: mikaratusi ya juu, mbali na maji, ibaki, na ile ya chini ikikatwa, pesa za kuni ziwe zake. Tulikubali. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maji haya niliyakuta yakitoka. Sitaki yakome mikononi mwangu." Ndipo sahihi ya mwisho ikapatikana.

Somo ni kwamba mirathi ianze kabla ya ombi la ruzuku. Kama shamba lenu lina jina la babu, hapo ndipo pa kuanzia.

Tulichopata na tusichopata

Fedha zilipokuja, zilikuja kwa jumuiya, zikagawanywa kwa chemchemi kadhaa. Kwetu zilileta kisanduku cha zege cha kukinga maji, bomba la kuyatoa nje ya uzio ili wachotaji wasikanyage kinamasi, uzio wenyewe, miche ya mikuyu, mizambarau ya porini na mianzi, na mafunzo ya siku mbili. Hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwa familia. Hakuna aliyetulipa kwa mikaratusi tuliyoacha kupanda.

Bwawa tulilichimba wenyewe, dogo kuliko tulivyoota: mita 10 kwa 15. Vifaranga tulivitoa Sagana, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa samaki, ambacho kwa bahati kiko ndani ya kaunti yetu. Kianyaga ni baridi kuliko Sagana, na tilapia hukua polepole, kwa hivyo usikubali hesabu za faida zilizopigwa mahali penye joto. Mama huuza samaki kidogo na nduma nyingi zaidi, kwa sababu kinamasi kilicholowa ndicho nduma inachotaka.

Februari iliyopita mtungi wa lita 20 ulijaa kwa dakika mbili na nusu. Hizo ni lita 11,520 kwa siku. Sisemi ni miti tu; huenda mvua nayo ilikuwa nzuri. Lakini kijito hakikukatika, na nyumba 14 hazikwenda mbali.

Kwa aliye Pwani

Garsen, Hola na Kipini wako katika bonde moja la maji na Kianyaga. WRA hulisimamia bonde la Tana kutoka Embu. Delta ya Tana, inayosubiri maji hayo hayo, iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mombasa, Kwale na Kilifi wako chini ya bonde la Athi, ambalo ofisi yake kuu iko Machakos. Lakini huhitaji kusafiri hadi huko. Anza na ofisi ya karibu ya WRA na uulize maswali mawili: kinamasi changu kimo katika eneo la jumuiya gani ya maji, na mpango wao utapitiwa upya lini?

Kwa fedha za kaunti, chunga kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukienda kwa mwakilishi wadi mwezi wa Juni, umechelewa mwaka mzima. Nenda kwenye vikao vya maoni ya wananchi vya kati ya Julai na Agosti, ukiwa na hesabu zako mkononi na majirani zako nyuma yako.

Ukiwa peke yako na unataka samaki tu, ni afadhali uchimbe bwawa dogo kwa uwezo wako, ukiwa na kibali, kuliko kungoja ruzuku ambayo haikuandikiwa wewe.

Dada yangu sikumpa matumaini makubwa. Nilimwambia amtafute nani anachota maji chini ya kinamasi chake, aulize hatimiliki ina jina la nani, na achukue mtungi wa lita 20 na simu. Ameshapima mara mbili.